Kabla hamjanunua RV, tafuteni anwani

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio, ameniandikia ujumbe mrefu. Yeye ni nesi, mume wake anafanya kazi ya kompyuta akiwa nyumbani, watoto wameshakwenda chuo, na nyumba wanataka kuiuza. Wanataka kuishi kama sisi: kwenye RV, yaani gari au trela lenye vitanda, jiko na choo ndani, mwaka mzima, mkataba wa hospitali ukiisha wanaifunga trela kwenye pikapu na kuhamia jimbo lingine. Mwisho wa ujumbe aliuliza swali moja tu: "Dada, tununue RV ya aina gani?"

Nimefurahi kuliko atakavyojua. Sisi tulipoanza hakuna aliyetuuliza tununue nini. Waliuliza tumepatwa na nini.

Nitalisema hili kwa sababu bado linaniuma. Tulipouza nyumba Houston na kuhamia kwenye trela, mtu mmoja alipita kwenye kambi tuliyokuwa tumeegesha, akapiga picha, akaitupia kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa pale mjini. Jioni ile ile ikaanzishwa orodha ya mchango. Huyu dola 50, huyu 20, huyu "nitatoa Ijumaa", na juu ya orodha imeandikwa "Kuwasaidia wenzetu waliopoteza makazi". Mimi mwenyewe nilikuwemo kwenye kundi. Nilitoka zamu ya usiku nikakaa kwenye ngazi ya trela na sare zangu za kazi, nikaisoma ile orodha jina baada ya jina. Baba watoto alitaka awajibu kwa hasira, nikamnyang'anya simu. Niliandika kwamba tunashukuru, hatujapoteza kitu, nyumba tumeiuza kwa hiari yetu, na hizo pesa zipelekwe kwa familia iliyokuwa na msiba wiki ile. Mmoja aliomba radhi. Waliobaki walinyamaza, na hadi leo tukikutana kwenye harusi wananiuliza "mmeshapata nyumba?" kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa.

Nyumba tunayo. Iko Kibaha, imepauliwa, imepigwa plasta, ina wapangaji. Deni la pikapu limekwisha, ada ya mtoto wetu wa kwanza imekwisha, na yote hayo yamelipwa tukiwa ndani ya trela ya futi 28 ambayo wengine waliichangia kwa huruma. Na wale wanaosema mambo haya ni ya wazungu, Waafrika hawalali garini, wajue kwamba mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa trela za Airstream, aliondoka Cape Town na msafara wa trela 41, na mwaka uliofuata wakafika Cairo. Trela zilishazijua barabara za Afrika kabla Tanganyika haijapata uhuru.

Sasa, dada yangu wa Columbus, na wengine mnaosoma mkiwa na hamu hiyo hiyo. Swali la RV ya aina gani nitalijibu, lakini mwishoni, kwa sababu ndipo mahali pake. Kinachotangulia ni kazi inayohama na anwani isiyohama. Ukishakuwa na hivyo viwili, trela utaipata wiki yoyote. Ukivikosa, hata ukinunua la kifahari lenye meko ya umeme na sofa za ngozi utaishia kuliuza kwa hasara.

Kazi ni nyepesi kueleza. Mimi ni nesi wa mikataba, na mkataba wa kawaida ni wiki 13. Wiki 13 zinatosha kuujua mji, kupata kanisa na kugundua duka la halali linalouza mbuzi, na kabla hujachoka unaondoka. Baba watoto aliendesha malori miaka mingi, na sasa hufanya kazi za msimu. Oktoba huwa yuko bonde la Red River, mpakani mwa Minnesota na North Dakota, kwenye mavuno ya viazisukari, zamu za saa 12. Mume wa dada wa Columbus kazi yake iko kwenye kompyuta, basi yeye anahitaji intaneti tu. Hapo hawana shida.

Anwani ndiyo yenye mambo. Mmarekani mzaliwa akikosa anwani anapata usumbufu. Sisi wahamiaji tukikosa anwani tunagusa mambo makubwa zaidi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu akihama lazima aijulishe idara ya uhamiaji, USCIS, ndani ya siku 10, kwa fomu ya AR-11, na unaweza kuijaza mtandaoni. Anayeomba uraia anatakiwa awe ameishi kwenye jimbo au wilaya ya uhamiaji anakoombea kwa angalau miezi mitatu kabla ya kuwasilisha maombi. Wewe unayehama kila wiki 13, hiyo miezi mitatu utaihesabu wapi? Kwa hiyo ushauri wangu kwa ambao hawajaapa kiapo cha uraia: subirini. Chukueni uraia kwanza mkiwa na nyumba na bili ya umeme yenye majina yenu, halafu mwondoke. Na kama mtaondoka na kadi ya ukaazi, tembeeni nayo mwilini. Sheria inamtaka mwenye miaka 18 na kuendelea awe nayo wakati wote, na kwenye barabara ya I-10, pale Sierra Blanca, Texas, kuna kizuizi cha askari wa mpaka. Mkikokota trela mtasimama kama wengine wote.

Wanaoishi barabarani wengi huchagua makao ya kisheria Texas, Florida au South Dakota, kwa sababu majimbo hayo matatu hayatozi kodi ya mapato ya jimbo na yana huduma za kupokea na kusambaza barua. Mji wa Livingston, Texas, unajulikana kwa hilo. Chama cha wasafiri wa RV kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina makao yake pale na kinapokea barua za wanachama. Kwa nesi kuna faida nyingine. Majimbo hayo yote yamo kwenye mkataba wa leseni za uuguzi kati ya majimbo, leseni moja inafanya kazi kwenye majimbo zaidi ya 40. California na New York hazimo, huko unaomba leseni yao peke yake. Lakini leseni ya mkataba inafuata jimbo unaloishi kisheria, linaloonekana kwenye leseni ya udereva, mahali unapopigia kura na fomu ya kodi. Ukihamisha makao kwenda jimbo lingine la mkataba una siku 60 za kuomba leseni mpya. Dada wa Columbus, Ohio nayo imo, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha kabla hujapiga simu bodi ya uuguzi ya huko unakotaka kuhamia. Waulize wanakubali nini kama uthibitisho wa makao. Waulize tena kwa barua pepe, upate jibu la maandishi.

Halafu kodi. Hapa ndipo manesi wetu wengi wanapodanganywa, na inaniudhi kwa sababu wanaodanganya wanavuna kamisheni kisha hawaonekani tena. Malipo ya nesi wa mikataba yana mshahara na yana posho ya nyumba na chakula. Wakala mmoja aliniambia waziwazi, "Saini hapa kwamba una makao ya kudumu, posho yako haitakatwa kodi." Sikusaini. Chapisho namba 463 la IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, linaeleza: mtu asiye na kituo cha kudumu cha kazi wala mahali anapoishi kwa kawaida anahesabiwa kuwa anahamahama, na makao yake ya kodi ni popote anapofanya kazi siku hiyo. Mtu huyo hahesabiki kuwa yuko safarini mbali na nyumbani, kwa hiyo posho yake inakatwa kodi. Sanduku la barua la Livingston linakupa leseni ya udereva, halikupi makao ya kodi.

Kuna wanaobaki na chumba kweli, wanakilipia kodi ya pango kwa bei ya soko, wanarudi kukaa na kufanya kazi pale mara kwa mara. Hao wana haki yao. Sisi tuliamua kulipa kodi ya kila kitu. Tunapata kidogo kuliko wenzetu kwenye hundi, lakini mapato yetu yote yanaonekana, yanahesabiwa kwenye pensheni ya Social Security, na siku tukitaka mkopo wa nyumba benki itayaona. Na ninalala. Ndugu zangu, msitafute utajiri kwa saini ya uongo katika nchi ya watu. Wewe ni nesi, una leseni, leseni ni chakula cha wanao. Usiiweke rehani kwa sababu ya posho.

Kuhusu ndoa nitasema machache, ingawa ndilo ninaloulizwa zaidi na wanawake. Trela haina chumba cha kununia. Ukiwa umekasirika, mwenzako yuko hatua nne kutoka ulipo, anakaanga vitunguu. Mimi nafanya zamu za usiku, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, nalala mchana, na kulala mchana ndani ya kuta nyembamba kunahitaji mume anayejali. Baba watoto ameweka mapazia meusi mazito dirishani na feni ndogo inayovuma kando ya kichwa changu ili nisisikie mbwa za majirani. Nikilala anaondoka. Anakwenda maktaba, anakwenda kufua, anarudi saa tisa na chakula kimeshaiva kwenye sufuria ya presha aliyoiwasha nje. Hajawahi kuambiwa afanye hivyo. Wakati wa kurudisha trela nyuma tunapigiana simu, mimi nimesimama nyuma upande wake wa kushoto nikimwelekeza kwa sauti ya kawaida. Nimeona wanandoa wa miaka 30 wakitukanana kambini kwa sababu ya kupungiana mikono gizani. Kama nyumbani kwenu hamsemezani, msinunue RV ili muanze kusemezana. Ombeni, zungumzeni, tafuteni mchungaji au mzee wa familia, kisha ndiyo mfikirie magurudumu.

Kati ya mikataba tunapumzika jangwani. Ardhi ya umma inayosimamiwa na BLM, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi, sehemu nyingi unaruhusiwa kukaa bure siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unasogea. Karibu na Quartzsite, Arizona, kuna maeneo ya kukaa muda mrefu, msimu wake unaanza Septemba 15 hadi Aprili 15 kwa kibali cha kulipia, na pale La Posa kuna maji na pa kumwagia majitaka. Januari mahema na trela hujaa mpaka upeo wa macho, wazee wa Kimarekani na Kanada wanaokimbia baridi. Hakuna aliyewahi kutuchangia pale. Tofauti na jangwani, mji wa Flagstaff, huko huko Arizona, uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 93 za Selsiasi hivi, kwa hiyo maharage kwenye sufuria ya kawaida yatawachezea siku nzima. Bebeni sufuria ya presha. Unga wa sembe kwenye miji midogo hakuna, jazeni kabati mkiwa mji mkubwa.

Sasa trela. Kama mna pikapu, trela ya kuvuta ni bora kuliko gari lenye injini yake, kwa sababu injini ikiharibika hamlali gereji. Fungua mlango wa dereva wa pikapu usome stika: imeandikwa watu na mizigo visizidi uzito gani. Trela ya kawaida hukandamiza ndoano ya pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo trela ya kilo 3,500 inaweka kilo 350 hadi 525 juu ya pikapu kabla hujapanda wewe, mume na jenereta. Muuzaji atakuambia pikapu inavuta. Usibishane naye, ipeleke mizani kwenye vituo vya malori, trela ikiwa imejaa maji, vyombo na nguo. Tairi usiangalie kashata tu. Pembeni kuna herufi za DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inazeeka hata ikiwa imesimama.

Tangi la choo, kwa kuwa wengi mnaliogopa, lina utaratibu. Valvu yake ibaki imefungwa hadi tangi lijae, hata kama bomba limeunganishwa. Ukiiacha wazi maji yanakimbia na uchafu unabaki unaganda chini. Likijaa, vaa glavu, fungua la choo kwanza, angalia kwenye kile kiungo cha plastiki kinachopitisha mwanga mpaka yapungue, funga, kisha fungua la maji ya sinki na bafu. Sabuni itasafisha bomba njiani. Dakika 10 na umemaliza.

Msinunue mpya. Thamani inashuka ukitoka tu getini, na mikopo ya RV inaweza kufika miaka 20. Tafuteni ya wastaafu walioitunza chini ya paa, mlipe mkaguzi asiyemjua muuzaji, na kabla ya mkaguzi mwende wenyewe. Fungueni kabati la chini ya sinki mnuse. Pandeni kitandani mbonyeze kona za dari kwa kidole gumba, kisha mzunguke nje mbonyeze chini ya kila dirisha. Ukuta ukibonyea, maji yameshaingia ndani ya mbao. Ondokeni, hata akiwafuata hadi kwenye gari akiwapunguzia bei.