Ree ya shupaza

Mwanangu Mwanaidi,

Barua yako nimeipata Jumanne, kondakta kaileta mpaka mlangoni. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Baba yako mzima, mguu umepungua uvimbe, ila ubishi uko palepale.

Umeniuliza habari ya yule mwanafunzi wako wa kidato cha tatu, aliyekwambia kwamba hajawahi kumzimikia mtu, mvulana wala msichana, na hatamani. Unataka kujua kama ni hali ya kupita tu. Nitakujibu, lakini kwanza nijibu wewe: alipokuwa anakwambia mlikuwa wapi, na mlango ulikuwa wazi? Siri ni amana. Najua neno hilo umelisikia tangu hujaota meno, na najua wewe na baba yako hunicheka kwalo. Chekeni. Nimelea mabweni miaka 22, na sijaona mtoto aliyeumizwa na hali hiyo yenyewe. Wanaoumia huumizwa na namna siri ilivyotoka.

Umesema nyuma ya daftari lake la hesabu kachora ree ya shupaza, ukadhani anacheza kamari. Watu wasiovutwa kimwili na yeyote huitwa aseksuali, na jina lao la Kiingereza likifupishwa huwa "ace", sawasawa na ree ya karata inavyoitwa kwa Kiingereza, ndiyo maana wakajigawia karata. Asiyevutwa kimwili na mtu lakini hushikwa na mapenzi, huchukua ree ya kopa. Asiye na hili wala lile, yaani aseksuali na aromantiki kwa pamoja, huchukua ree ya shupaza. Usiyachanganye hayo mawili. Yuko anayetaka mchumba wa kushikana naye mikono hadi uzeeni na hataki zaidi ya hapo, na yuko anayetamani mwili lakini hayo ya kuandikiana mashairi hayamwingii kabisa. Mtoto aliyechora shupaza amekwishakwambia zaidi ya alivyotamka. Wapo pia wanaovaa pete nyeusi kidole cha kati cha mkono wa kulia. Mwambie asivae shuleni. Itachukuliwa na mwalimu wa nidhamu, kisha atatakiwa aeleze ni ya nini mbele ya mstari mzima.

Ugonjwa je? Shangazi yako Zuhura tulimtafutia jini mahaba mpaka mbuzi wakaisha, na hakuna jini aliyepanda. Wenzetu walikwishaliona jambo hili zamani. Kinsey wa Marekani, mwaka 1948, aliwapanga watu kwenye kipimo cha 0 hadi 6, na wasiovutwa na upande wowote akawawekea herufi X nje ya kipimo. Mwaka 2004 Bogaert wa Kanada alipitia majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, akakuta kama mtu 1 katika kila 100 anasema hajawahi kuvutwa kimwili na yeyote. Waingereza si Wadigo, sawa, lakini shule yako ina watoto 600, hebu piga hesabu. Na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule wa 2013, unasema mwanamke aliyekuwa hivyo maisha yake yote, na mwenyewe akajitambua kuwa aseksuali, asiandikiwe ugonjwa wa kukosa hamu.

Zingatia hayo maneno "maisha yake yote". Kama alikuwa na hamu ikakatika ghafla, halafu amekonda au amenenepa bila sababu, halali, hedhi imesimama, au ameanza dawa za sonona, huyo apelekwe hospitali. Na kama anaogopa kuguswa, anaoga na nguo, anashtuka mtu akipita nyuma yake, hapo uliza kama kuna aliyemdhuru. Uliza kwa upole, peke yenu, na usimtwishe jibu. Lakini msichana wa miaka 16 anayekula, anayecheka, anayefaulu kemia, ambaye wenzake wakipiga soga za wavulana yeye anaangalia saa, huyo hana cha kupimwa.

Kabla hajakueleza zaidi, mwambie mpaka wa amana yako: "Nitakufichia kila kitu, isipokuwa ukiwa hatarini au kuna aliyekuumiza." Useme mwanzoni. Ukisema baadaye ataona umemtega. Usiandike kwenye faili la unasihi, maana kabati la ofisi ile hufunguliwa na watu wanne. Usimwambie matroni, ijapokuwa na mimi nilikuwa matroni. Na mama yake akija siku ya kutembelea, wewe zungumzia maksi.

Sasa yeye mwenyewe. Atashawishika kubuni mchumba, wote hushawishika. Taa zikizimwa bwenini huanza ule mchezo wa kila mtu ataje wake, naye atataja binamu wa mtu au kijana wa shule ya jirani. Mchumba wa kubuni hadumu muhula. Wiki ya kwanza wanataka jina, ya pili picha, ya tatu kuna mwenye kaka anayesoma shule hiyohiyo, na hapo mtoto anaitwa mwongo juu ya kuitwa anaringa. Mpe sentensi fupi: "Sina, na sasa hivi sitafuti." Ni kweli tupu, na haina mlango wa pili. Wakimbana ajibu hivyohivyo, asibadilishe hata neno, kwa sababu kila neno jipya huzaa swali jipya. Asianze kuwasema wenzake kuwa wahuni, hata kama anachoka nao. Hapo ndipo maadui hupatikana.

Akitaka kumwambia rafiki, achague mmoja, na kwanza amjaribu kwa siri ndogo, kama maksi mbaya za jiografia. Asubiri wiki mbili. Isiporudi kwake kwa mdomo wa mtu mwingine, ndipo. Asiseme bwenini, vitanda vya ghorofa vina masikio juu na chini. Asiseme wakati wa ugomvi, wala siku rafiki mwenyewe ametoka kupata mchumba, maana ataona anaonewa wivu. Asiandike vikaratasi vya prepu. Na akiazima simu ya dada yake likizo kusoma habari hizi, afute alichotafuta kabla ya kuirudisha. Anapomwambia huyo rafiki, aseme mambo matatu kwa pumzi moja: hali yenyewe ni ipi, haimaanishi nini, na anataka afanye nini. "Sizimikii watu. Haimaanishi sikupendi wewe. Nataka mtu akinichokoza ubadilishe mazungumzo." Hilo la tatu ndilo husahaulika. Rafiki asipopewa la kufanya hutafuta mwenyewe, na analolipata kwa kawaida ni kumwambia mwingine.

Hapa ningenyamaza, mwanangu. Uliniomba nisilitaje jina la Salma, nami nimekaa nalo miaka kumi na mitatu. Lakini naona unaniandikia habari za mtoto huyu kana kwamba ni wa kwanza.

Likizo ile ya Juni mlikuwa kidato cha pili. Mlikaa chini ya mwembe mnachambua mbaazi, mimi nipo jikoni, dirisha liko wazi, nikasikia yote. Alisema, "Mwana, mimi nadhani sina hicho kitu." Ukacheka. Hukucheka vibaya. Ukamwambia basi mbaazi zote ni zako, ule ukashibe. Akacheka na yeye mpaka ungo ukamwagika. Sijapata kuona msichana aliyepumua vile. Jioni akamfunga baba yako karata mara tatu mfululizo.

Mlirudi shule Jumapili. Uliniapia kwamba ulimwambia mmoja tu, deski moja na wewe, na ulimwambia kwa huruma. Nakuamini. Nilikuamini hata siku ile. Jumatano walimwandikia ubaoni "jini", Ijumaa wengine wakaandika neno baya zaidi, na kabla ya mwisho wa mwezi mama yake alikuja na godoro likafungwa kamba juu ya teksi. Hukushuka kumuaga. Ulisema una mtihani.

Ulikuwa na miaka 15. Kila nikitaka kukulaumu nakumbuka hilo, na kila nikitaka kukusamehe nalikumbuka lile godoro. Na mimi niliyesikia dirishani ningeweza kukuita pembeni usiku uleule, nikakwambia haya ninayoyaandika leo. Nilidhani watoto watajua wenyewe. Kwa hiyo mzigo huo tugawane, ila sijui nani abebe kichwani na nani mkononi.

Turudi kwa mtoto wako. Jambo moja zaidi, nalo ni gumu kuliko wavulana. Rafiki yake wa karibu atapata mchumba, na nafasi ya kukaa pamoja jioni itakwisha. Kwa mtoto ambaye urafiki ndio mapenzi yake yote, hiyo ni talaka, na hakuna atakayempa pole. Usimwambie "ni rafiki tu". Mtafutie pa kukaa saa kumi na moja jioni: klabu ya midahalo, bustani ya shule, kwaya, popote penye kazi ya mikono na watu zaidi ya wawili. Na yule mvulana atakayembebea vitabu akidhani ameitikiwa, aambiwe mapema, sentensi moja, mchana, mahali penye watu. Akiachwa mpaka mahafali itakuwa kesi.

Kuhusu swali lako, kama itapita au haitapita. Nina maoni yangu, unanijua. Shangazi yako ana miaka 61 na haijapita. Wapo wasichana wengine bwenini walioniambia hivyohivyo, leo wana waume na hawakumbuki. Nimeandika jibu mara mbili nikalifuta, maana ukishalijua utamtazama kwa jicho la kungoja, naye ataliona hilo jicho. Neno alilonalo sasa linamtosha. Likija kumbana atalivua mwenyewe.

Baba yako ameniona naandika, akauliza kama ni wewe, na kama unamkumbuka yule binti aliyemfunga kwa ree ya shupaza. Salma hunipigia kila Idi. Yuko Morogoro, ana duka la vifaa vya shule, na kila mwaka huniuliza Mwana hajambo. Hakunikataza kukwambia. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa penseli, ili ukitaka uifute.

Mama yako