Kuosha gari la kambi kwa waosha malori: wape chasisi, boksi libaki mikononi mwako

Gari la kambi, lile lenye kitanda, jiko na tangi la maji mgongoni, likitoka hifadhi za Uganda kama Kidepo au Murchison huwa limebeba udongo ambao muosha magari madogo hauwezi. Paa la banda lake ni fupi, mashine yake ni dhaifu, na tope lililojibana juu ya tangi la dizeli halifikii. Kwenye miji wanakolala madereva wa malori, kama Lukaya, Lyantonde na Malaba, kuna uwanja mpana, maji ya kutosha na mashine za kung'oa tope lililokauka kwenye springi. Huko ndiko pa kwenda.

Tatizo ni kwamba wale vijana wamezoea trela la chuma. Boksi la gari la kambi, yaani chumba kilicho juu ya chasisi, ni faibaglasi, alumini nyembamba, mbao nyepesi, plastiki na silikoni, na mashine yenye shinikizo la baa 150 hadi 200 hupenya viungo vyake bila shida. Kwa hiyo gawa kazi: chini ya sakafu ni yao, juu ya sakafu ni yako, kwa mpira wa maji ya kawaida na brashi uliyokuja nayo. Elewaneni hivyo, pamoja na bei, kabla mashine haijawashwa. Asipoambiwa, kijana atapanda juu ya paa kama anavyopanda kwenye lori, na paa hilo halikutengenezwa kukanyagwa katikati.

Kabla ya kuingia, tembea mahali penyewe kwa miguu. Angalia nyaya za umeme zinazoning'inia na urefu wa lango. Kama kuna mwinuko wa saruji wa kupandishia malori, pima kwa macho sehemu ya nyuma ya gari lako: bomba la maji machafu na tangi lake huning'inia nyuma ya ekseli, na hukwaruza saruji gari linapoanza kupanda. Mwaga maji machafu ya jikoni kambini kabla ya kuja. Choo cha kubebeka usikimwage kabisa pale, kwa sababu mtaro wa waosha malori umejengwa kupokea tope na mafuta, haukujengwa kupokea kinyesi. Angalia pia maji yanaelekea wapi. Kando ya kinamasi kama Lwera, ukiona povu linatiririka moja kwa moja kwenye mafunjo, ondoka utafute kwingine. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 2019 inalinda vinamasi, na maji yale yanaishia Ziwa Victoria ambalo watu wanakunywa.

Acha gari lipoe nusu saa. Maji baridi kwenye diski ya breki yenye moto yanaweza kuipinda. Difu nayo, ile gia ya katikati ya ekseli, ikipoa ghafla, huvuta hewa ndani kupitia tundu lake la kupumulia na sili zake, na maji huingia pamoja na hewa hiyo. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameshaingia.

Wakati gari linapoa, funga matundu. Friji inayotumia gesi ina matundu mawili ya hewa ubavuni, na nyuma ya lile la chini kuna kichomeo na nyaya. Zima friji, funga mtungi wa gesi, kisha funika matundu yote mawili kwa mfuko wa plastiki na tepu. Usiiwashe tena mpaka umeondoa plastiki, kwa sababu bila hewa moshi wake unaweza kuingia ndani mnamolala. Funga madirisha ya paa, kifuniko cha tangi la maji safi na soketi ya umeme wa nje. Hema la juu ya paa lifungwe na lisipakwe sabuni, maana sabuni huondoa kinga ya turubai dhidi ya mvua.

Sasa chini. Hapo waache wafanye kazi, lakini uwe karibu. Waelekeze nozeli kwenye springi, ndani ya matao ya magurudumu, juu ya tangi la dizeli na juu ya chasisi, kwani tope likikaa huko hushika unyevu na kutu huanza. Udongo mweusi wa Karamoja unahitaji kuloweshwa dakika 15 kwanza; ukipigwa ukiwa mkavu, unang'oka juu juu na kuacha tabaka gumu chini. Kama umepita kandokando ya ziwa la chumvi la Katwe, suuza chini mara mbili. Sili za habu, altaneta, viungio vya nyaya na mapezi ya rejeta visipigwe karibu. Rejeta hupewa maji mapole, ikiwezekana kutoka upande wa injini kwenda nje.

Kuna mambo mawili ya kukataa waziwazi. La kwanza ni kupuliza dizeli kwenye injini na chasisi ili ving'ae. Dizeli huvimbisha bushi za mpira, na vumbi la barabara ya maramu hunata juu yake siku hiyohiyo. La pili ni dawa kali. Magadi makali ya kuondolea grisi hula alumini na kufubaza rangi, na asidi ya kung'arishia matangi ya alumini huharibu kioo, mbali na kumuunguza kijana anayeipuliza bila glavu. Dumu lisilo na maandishi lisikaribie gari lako.

Boksi lioshe mwenyewe, asubuhi na mapema au jioni, kwa sababu jua la saa sita hukausha sabuni kabla hujasuuza. Chukua ndoo mbili: moja ya shampuu ya magari, mililita 30 hadi 50 kwa lita 10 za maji, nyingine ya kusuuzia brashi. Brashi yao imejaa mchanga wa malori, na madirisha ya plastiki hukwaruzika mara moja. Mwagia maji kwanza vumbi jekundu litoke, kisha paka sabuni kuanzia chini kwenda juu ili michirizi isishike kwenye ukuta mkavu. Kusuuza ni kuanzia juu kwenda chini. Madirisha hayo yasiguswe na dawa ya vioo yenye spiriti. Plastiki hupata nyufa ndogondogo zisizotibika. Paneli za sola na paa vioshwe kutoka kwenye ngazi, kwa brashi ya mpini mrefu. Kinyesi cha kaloli, wale korongo wakubwa wa Kampala, hula rangi: kifunike kwa kitambaa chenye maji dakika 10, kisha kifute bila kukwangua.

Ikibidi mashine itumike juu, kwa mfano tope la ukutani limegoma, iwe nozeli ya feni pana, umbali wa mita moja au zaidi, na isielekezwe kwenye silikoni, kingo za madirisha wala stika. Silikoni ikiinuka kidogo tu, mvua ya Aprili itaingia ukutani na mbao zitaoza bila wewe kuona.

Ukimaliza, ondoa plastiki na tepu zote, kisha endesha polepole ukikanyaga breki mara kadhaa zikauke. Piga grisi kwenye krosi za propela (viungo vya shafti inayozungusha magurudumu) na nipeli zote za grisi mpaka grisi mpya itokee, kwa sababu ile ya zamani imesukumwa na maji. Hema na turubai la kivuli vikunjuliwe siku hiyohiyo mpaka vikauke. Kesho yake fungua kabati za pembeni na uinue godoro, upapase pembe za ukuta chini ya kila dirisha. Ukikuta ubichi, usizibe kwa silikoni mpya siku hiyo; uache ukauke kabisa, ukwangue silikoni ya zamani, ndipo uzibe upya.