Bwawa la kuogelea la maji ya chumvi Mtwara: usiongeze kabla ya kupima

Ndugu yangu wa Shangani, umeuliza kama uongeze chumvi kila wiki kwenye bwawa lako la kuogelea la lita 50,000, na kama chumvi ghafi ya mashamba ya Lindi inafaa.

Kila wiki, hapana. Jua likikausha maji, chumvi inabaki. Inayopotea ni ile inayotoka na maji yenyewe: kuvuja, kuosha chujio, au mvua za masika kujaza bwawa mpaka likafurika. Kwa hiyo pima kwanza. Mashine nyingi zinazotumia chumvi hiyo kutengeneza klorini ya kusafisha maji hutaka gramu 3 hivi kwa lita, lakini fuata kitabu cha mashine yako. Kipimo kikisoma gramu 2.5 nawe unataka 3.2, pungufu ni 0.7, zidisha kwa lita 50,000, unapata kilo 35. Anza na 25, zima mashine, acha pampu izungushe maji siku nzima, upime tena. Ikizidi, dawa ni kumwaga maji kiasi na kujaza mapya tu, na maji yetu ni ghali.

Chumvi ghafi naomba uiache, hata kama bei inavutia. Ina tope na magnesiamu, na uchafu huo huganda kwenye sahani za ndani ya mashine, zile zinazotengeneza klorini. Nunua iliyosafishwa, isiyo na madini joto.