Jibu: Kupanda kilima cha Bugando kwa baiskeli

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini miguu hukuishia nguvu katikati ya kilima cha Bugando jijini Mwanza, ilhali barabara ya kwenda Kisesa unaimudu vizuri. Kwa maoni yangu, kosa liko kwenye gia: wengi huchelewa kuibadilisha mpaka pedeli zimekuwa nzito, na hapo cheni hulia, huruka meno, na pengine hukatika kabisa (yangu ilikatika, nikaisukuma baiskeli hadi juu). Weka gia nyepesi kabla mwinuko haujaanza, kisha ubaki umeketi na uzungushe pedeli kwa wepesi, ukisimama pale tu panapokaza. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo mgeni kutoka Pwani asishangae akihema mapema kidogo. Wakati wa kushuka, bana breki kwa vipindi.