Kinondoni haikupungua, iligawanywa

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa awali, nina miaka tisa kazini, na nimejibana mpaka nikapata akiba ya kufungua kituo cha kulelea watoto mchana. Nimeona nyumba mbili za kupanga, moja Mwananyamala wilaya ya Kinondoni, nyingine Chanika wilaya ya Ilala. Kaka yangu amenionyesha takwimu za sensa: mwaka 2012 Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049, mwaka 2022 ikawa na watu 982,328. Anasema watu wanaikimbia Kinondoni, nisithubutu kuweka hela yangu huko. Ni kweli? Na mtu kama mimi, ambaye hesabu aliziacha kidato cha nne, azisome vipi hizi takwimu?
Mwalimu, Tabata

Marahaba mwanangu. Tarakimu za kaka yako ni sahihi zote mbili. Kilichobadilika katikati ni mpaka. Kinondoni ya 2012 ilikuwa imebeba Manzese, Sinza, Kimara, Mbezi hadi Kibamba. Baadaye upande huo ukakatwa ukawa wilaya ya Ubungo, na Temeke nayo ikakatwa Kigamboni. Hakuna aliyefunga virago. Mtu wa Kimara alilala Kinondoni akaamka Ubungo, kitanda ni kilekile.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha miaka miwili, rudisha vipande mahali pake. Kinondoni ya 2022 (982,328) ukiijumlisha na Ubungo (1,086,912) unapata watu 2,069,240. Eneo lilelile la zamani limeongezeka watu 294,191, yaani kama asilimia 17 kwa miaka kumi. Temeke na Kigamboni kwa pamoja walitoka 1,368,881 wakafika 1,664,576, ongezeko la kama asilimia 22. Sasa tazama Ilala, ambayo haikukatwa: ilitoka 1,220,611 ikafika 1,649,912. Hapo ni asilimia 35.

Wengi wakiambiwa hivyo hawaamini. Ukitaja Ilala wanaona Posta na Kariakoo, mahali ambapo usiku ofisi zimefungwa na makarani wamesharudi kwao. Lakini Ilala ni ndefu. Inaanzia Kivukoni baharini, inapita Buguruni na Ukonga, inakwenda Gongo la Mboto, Pugu, mpaka Chanika na Msongola. Huko mwishoni ndiko vijana waliochoka kodi za mjini wanakopandisha tofali moja moja. Anayetazama jina la wilaya tu bila kuuliza ni upande gani wa wilaya umejaa atakwenda kukodi fremu Kariakoo akidhani ndiko kulikoongezeka watu.

Na hapo kuna jambo la pili nataka ulishike vizuri. Sensa ya 2022 iliuliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Inahesabu vitanda, haihesabu miguu ya mchana. Kariakoo ya sensa ni ya wanaolala Kariakoo tu. Kwa anayeuza chai na vitumbua saa nne asubuhi, hesabu hiyo haimsaidii. Kwako wewe inasaidia sana, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu huachwa karibu na anapolala.

Mwaka 2002 nilikuwa karani wa sensa Manzese. Wakati ule hatukuwa na vishikwambi kama makarani wa 2022, tulibeba madodoso ya karatasi mkobani. Nyumba ya kwanza niliyopiga hodi ilikuwa ya vyumba vinane, uwa mmoja, choo kimoja. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, akaniambia, "Humu tuko wanne." Alikuwa anasema kweli kabisa: yeye, mkewe na wajukuu wawili. Nikamuuliza, hayo majiko sita ya mkaa niliyoyaona yamepangwa ukutani ni ya nani? Akacheka, akaanza kuita wapangaji mmoja mmoja. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, si watu wa nyumba moja. Tulipomaliza, nyumba ya watu wanne ilikuwa na kaya saba na watu ishirini na watatu. Tangu siku ile kila ninapoona neno "kaya" kwenye jedwali, nayaona yale majiko.

Nakueleza hayo kwa sababu katika taarifa ya mgawanyo wa watu, ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeiweka bure kwenye tovuti yake, utakuta kila kata ina safu zake: watu wote, wanaume, wanawake, idadi ya kaya, na wastani wa watu kwa kaya. Huo wastani usiupite. Kata yenye kaya ndogo ndogo mara nyingi ina wapangaji vijana, wengine bado hawana watoto. Kata ambayo kaya zake ni kubwa kidogo ina familia, lakini huenda pia ina bibi anayebaki nyumbani na wajukuu, na bibi huyo ndiye mshindani wako mkubwa kuliko kituo chochote. Kisha fungua taarifa ya umri na jinsi ya halmashauri, utafute watoto wa miaka 0 hadi 4. Usichukue wastani wa nchi ukaubandika Dar. Nchini zaidi ya watu wanne kati ya kumi wako chini ya miaka 15, ila mji huu unapokea vijana wengi wanaokuja kutafuta kazi, hivyo sehemu ya watoto ni ndogo zaidi kuliko huko wanakotoka.

Wastani wa mkoa nao uuogope. Dar es Salaam ina karibu watu 3,900 kwa kilomita ya mraba, lakini kilomita hizo zinachanganya uchochoro wa Manzese na mashamba ya Pembamnazi kule Kigamboni. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri moja, siitaji, tukaonyeshwa kwamba idadi ya watu kwa zahanati ni nzuri. Kwa wastani ilikuwa nzuri kweli. Ila kata moja ilikuwa na zahanati mbili zinazotazamana, na kata ya ng'ambo ya bonde haikuwa na hata moja. Masika ile wajawazito walivushwa bondeni wakiwa wamebebwa mgongoni. Nilinyamaza kwenye kikao kwa kuwa nilikuwa mdogo kazini, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa turudi kwako. Mimi ningekwenda Chanika. Lakini usisaini mkataba kabla ya kufanya hesabu yako mwenyewe, ambayo sensa haiwezi kukufanyia. Chagua Jumanne, si Jumatatu wala Ijumaa. Fika kituo cha daladala Chanika saa kumi na moja alfajiri, ukae kwa mama wa chai na daftari lako. Hesabu wanawake wanaopanda, weka alama pembeni kwa kila aliyebeba mtoto. Rudi jioni saa kumi na mbili, kaa mpaka saa mbili usiku, hesabu wanaoshuka. Ukifanya hivyo siku tatu utajua wangapi wanaondoka kabla ya jua na wanarudi baada ya Magharibi. Hao ndio wateja wako, na hapo hapo utajua kwamba kituo kinachofunguliwa saa moja na nusu asubuhi hakina maana kwao. Hesabu hiyo hiyo uifanye Mwananyamala, usije ukanifuata mimi tu kwa kuwa nimesema. Kule nyumba ni za uwani, jirani anamwangalizia jirani mtoto, ndiyo maana nasitasita.

Pita ofisi ya serikali ya mtaa, uulize mwenyekiti nyumba zipi zimeanza kukaliwa mwaka huu. Na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri uende mapema kuhusu usajili, usisubiri mpaka umeshapaka rangi kuta.

*

Mama, shikamoo. Nimesikia redioni kwamba Dar inachangia kama asilimia 17 ya pato la taifa. Mimi naendesha bodaboda Mbagala, hilo pato silioni. Wanatudanganya?
Dereva, Mbagala Rangi Tatu

Marahaba baba. Hawakudanganyi, ila wanajibu swali ambalo wewe hukuuliza. Pato la mkoa ni thamani ya kilichozalishwa ndani ya mkoa. Kontena la shaba ya Zambia au Kongo likishughulikiwa bandarini, kazi ya bandari inaandikwa Dar. Benki yenye makao Posta, kazi yake ya pale inaandikwa Dar. Faida ikishapatikana inaweza kwenda kokote, hata nje ya nchi, na jedwali halifuatilii.

Wakazi wa Dar ni kama asilimia 9 tu ya Watanzania. Asilimia 9 ya watu, asilimia 17 ya pato: ukigawa, kila kichwa cha Dar kinaonekana kina karibu mara mbili ya wastani wa nchi. Lakini kugawa huko ni kwa penseli. Hakuna aliyekuja Rangi Tatu kukupa fungu lako. Ukitaka kujua maisha ya kaya, tafuta utafiti wa mapato na matumizi ya kaya binafsi, ule wanaouliza watu wamekula nini, wamelipa kodi ya nyumba kiasi gani, wanapikia nini. Na wewe una takwimu zako ambazo wengi wangezitamani: andika kila abiria umempakia wapi na umemshusha wapi kwa mwezi mmoja. Utaona Mbagala inaamkia wapi kutafuta riziki.

*

Habari za kazi, mama. Nina kiwanja Mapinga, jirani yangu wa Bunju anasema Dar imeacha kukua. Takwimu zinasemaje?
Msomaji, Bunju

Nzuri, asante. Kati ya 2002 na 2012 mkoa wa Dar ulikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 ni asilimia 2.1. Jirani yako ameishia hapo. Angevuka barabara tu: mkoa wa Pwani, ambao Mapinga yako imo ndani yake, ulitoka watu 1,098,668 ukafika 2,024,947 katika miaka hiyo kumi, asilimia 6.1 kwa mwaka. Dar ina watu 5,383,728 kwa mpaka wa kiserikali, lakini daladala ya Bunju haisimami penye mpaka. Baadhi ya hao waliohesabiwa Kibaha, Vikindu, Kisarawe na huko kwako Mapinga asubuhi wanaelekea mjini.

Kwa kiwanja chako, weka taarifa ya kata ya Mapinga na ya kata ya Bunju juu ya meza moja, 2012 na 2022. Na kabla ya kutoa watu wa 2012 kwenye wa 2022, uliza kwanza kama kuna kata iliyogawanywa.