Mtani wangu ameniumbua mbele ya kundi zima

BARAZANI KWA BI. SOMOE
Bi. Somoe anajibu barua zenu akiwa Mikindani

Shikamoo Bi. Somoe. Mimi ni binti wa Mtanda, Lindi, nina miaka 31, nafundisha shule ya msingi. Huwa naandika vipande vya historia ya kwetu na kuvituma kwenye kundi la WhatsApp la wana-Lindi, walioko nyumbani na walioko Dar. Tuko zaidi ya mia tatu. Mwezi uliopita niliandika habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kwetu Lindi. Nikasema Wajerumani walimchimba mwaka 1906, wakamkuta mzimamzima, wakampakia melini. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ambaye kwa ukoo ni mtani wangu, akanijibu palepale: “Binti huyu mifupa anayoijua ni ya changu tu. Mwaka kakosea, mjusi kakosea, na waliochimba kawasahau.” Watu wakacheka. Mwingine akauliza cheti cha ualimu nilikiokota wapi, mwingine akasema ndiyo maana sijaolewa. Usiku namba nisiyoijua ikaniandikia kwamba nitapatikana nikitoka shuleni. Nikamjibu mzee kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia kwako, nikafuta makala, nikajitoa kundini. Sasa mtaani wanasema nimekimbia. Nirudi? Nimshtaki mzee? Au niache kuandika?
— Binti wa Mtanda

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile namba ya usiku, maana hiyo haina mjadala wala utani. Usiijibu na usiufute ujumbe. Upige picha, namba na saa vionekane, mweleze mwalimu mkuu wako, kisha nenda polisi na mtu mzima wa nyumbani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa. Na mpaka hapo ufike, usitoke shuleni peke yako.

Sasa mzee. Hapa nitakuudhi kidogo: mzee yuko sahihi, kwa yote matatu.

Mwaka 1906 ni wa kuonekana mifupa, pale mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alipoikuta imejitokeza ardhini. Uchimbaji mkubwa wa makumbusho ya Berlin ulianza 1909 ukaenda mpaka 1913. Na hakukuwa na mjusi mmoja aliyelala mzimamzima akisubiri meli. Kilichotoka pale ni mifupa ya wanyama wengi, wa aina mbalimbali. Yule mrefu anayesimama Berlin, wa mita kama 13, ambaye watu walimwona amesimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, ameungwa kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja. Hilo la tatu ndilo lingeniuma mimi. Wakubwa wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, sawa, lakini majembe yalishikwa na watu wa huku kwetu, mamia, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Mizigo ikabebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa za mguu, mpaka bandarini Lindi. Uliandika “Wajerumani walimchimba”. Mwalimu mstaafu wa Lindi aisome hiyo anyamaze? Na mjusi wenyewe ndio huyu ambaye watu wanataka arudishwe!

Lakini kuwa sahihi ni kitu kimoja, na namna alivyolisema ni kitu kingine. Hapo ndipo nataka tukae.

Wewe umekulia huku, unajua mtani anavyofanya msibani. Anakuja, anajilaza mlangoni, jeneza halipiti mpaka apewe chochote. Anamuigiza marehemu anavyotembea, anamwita mchoyo, mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Tunakubali kwa nini? Kwa sababu tunamwona uso. Kwa sababu mtani huyohuyo usiku kucha alikuwa anapasua kuni, na asubuhi ndiye aliyeshika jembe makaburini. Matusi yake tumeshayalipia kwa kazi yake.

Sasa chukua maneno yaleyale uyaandike. Uso haupo, kuni hazipo, kicheko chake hakisikiki. Yamebaki maneno matupu, mbele ya watu mia tatu ambao nusu yao hawajui kwamba ninyi ni watani. Wao wameona mzee mwenye heshima zake anamtukana binti, wakadhani ruhusa imetoka. Yule wa cheti na yule wa ndoa si watani wako, mwanangu, ni wadandiaji. Mzee alifungua mlango kwa utani, wao wakaingia na viatu vya matope. Ndiyo maana nasema usimshtaki mzee, lakini pia usijifanye hakukosea. Kosa lake ni la mahali. Utani ule alipaswa kuufanya barazani kwake, kahawa ipo, wewe umekaa mkekani.

Mimi yamenikuta. Miaka ya nyuma niliandika juu ya kupulizia salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, nikashauri watu wasubiri jua likolee. Mkulima mmoja wa Newala akanijia juu: “Mama huyu hajawahi kubeba pampu.” Kweli sikuwahi. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo umetulia, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Mimi kwa aibu nikafuta usiku uleule. Kulipokucha, watu watano walikuwa na picha ya nilichoandika, na jina langu lilikuwa limebadilika. Jana nilikuwa mtu aliyekosea, leo nimekuwa mtu anayeficha. Hili la pili lilichukua msimu mzima kuniisha.

Kwa hiyo usirudi kundini kesho. Kwanza nenda kwa mzee, ana kwa ana, jioni baada ya alasiri, usiende mikono mitupu. Mwombe radhi kwa yale maneno yako; hayo ni deni lako na halihusiani na kosa lake. Kisha mwambie wazi, bila kuzungukazunguka, kwamba utani wake umewapa watu wengine fimbo, na kwamba umepokea vitisho. Nina hakika hilo halijui. Halafu mwombe akusimulie Tendaguru, uandike anayosema. Wazee wa aina hiyo mara nyingi hasira yao ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Ukirudi, itume makala upya. Juu kabisa weka mistari mitatu: nilisema hivi, si kweli, kweli ni hii, amenisahihisha mwalimu fulani. Usijitetee, usieleze ulikuwa umechoka, usiweke vile vikatuni vya kulia. Wa cheti na wa ndoa usiwajibu hata neno. Mwombe admini awaonye, hiyo ndiyo kazi yake. Asipoweza, utajua kundi hilo ni la namna gani. Na ukijibiwa tena kwa ukali, lala kwanza. WhatsApp inakupa dakika 15 tu za kurekebisha ujumbe, na mimi sijawahi kupoa ndani ya dakika 15.

Kuacha kuandika? Ukiacha, habari za Boheti bin Amrani ataziandika nani, wa cheti?

Yule wa Newala hatupendani sana hadi leo. Ila kila nikiandika la shamba namtumia kwanza asome. Ananisimanga, ninarekebisha, inatoka.

*

Bi. Somoe, jirani yangu ameandika kwenye kundi la AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kwamba mimi nanunua korosho kwa kangomba, yaani kinyemela kwa wakulima wenzangu, nje ya ushirika. Nimjibu vipi?
— Mkulima, Masasi

Baba, hii si kama ya binti wa Mtanda. Yeye alisahihishwa, wewe umetuhumiwa, na tuhuma haijibiwi kwa kubishana kwenye simu. Andika mara moja tu: “Si kweli, nitaleta karatasi zangu kwenye mkutano.” Halafu kaa kimya. Chukua stakabadhi zako za msimu, mpelekee mwenyekiti, omba zisomwe mbele ya wanachama, kilo ngapi ulipeleka ghalani na zinalingana vipi na mikorosho uliyonayo. Jirani awepo. Akikataa kufuta maneno baada ya hapo, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji.

Na kama kilo zilizomo kwenye stakabadhi ni nyingi kuliko mikorosho yako, baba, usiende na karatasi hizo.