Kruza kwa mizunguko ya Mwanza: anza na mlima wa kwenu

Jioni nikipita barabara ya Makongoro na baiskeli yangu ya aina ya kruza, nimekaa wima, usukani mpana na tairi nene, watu huniuliza nimeinunua wapi. Nami huwauliza: wewe unakaa upande gani wa mji? Kwa Mwanza yetu hii ya mawe na milima, jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina la duka.

Kruza ni baiskeli ya tambarare. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ndiyo iliyoanza kuziuza Marekani mwaka 1933 zikiwa na tairi pana za inchi 2.125, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: siti pana, usukani uliorudi nyuma kumfuata mwendeshaji, fremu nzito ya chuma. Kwa mtu anayeshinda ameinamia kompyuta, kukaa vile ni nafuu kubwa kwa mgongo na viganja. Tairi nene nazo humeza mashimo na kokoto. Ila nyingi zina gia moja tu, na uzito wake mara nyingi hupita kilo 15.

Ukikaa Kirumba au Pasiansi na safari zako ni za mjini na kurudi, gia moja itakutosha. Ukikaa Isamilo au Bugando, utaisukuma kwa mkono kila siku, na baiskeli inayosukumwa kila siku mwisho wake ni kuegeshwa nyuma ya nyumba. Huko tafuta yenye gia 3 zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani zinazo, na ukaaji wake unakaribiana sana na wa kruza. Gia za ndani unazibadilisha hata ukiwa umesimama, na hakuna chuma kinachoning'inia pembeni kugongwa na mawe.

Sasa breki. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wauzaji hupapita haraka. Kruza nyingi zina breki moja tu, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Barabara ikiwa sawa ni breki nzuri: haijali mvua na haina waya wa kukatika. Kwenye mteremko mrefu, joto lote linabaki ndani ya habu. Miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California walikuwa wakishuka mlimani na kruza kuukuu za aina hiyo. Grisi iliungua kwenye habu hadi ikatoa moshi, na wakifika chini ilibidi wazijaze grisi mpya. Isitoshe, mnyororo ukichomoka, breki hiyo haipo tena. Mteremko wa kutoka Bugando kuja mjini, wenye bodaboda na watu wanaokatiza, si mahali pa kuligundua hilo. Kama haina breki ya mkono ya mbele, usiichukue, au kubaliana na fundi aifunge kwanza.

Ukiijaribu, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Watu wengi hushusha siti mno ili miguu yote ikanyage chini, halafu wanalalamika magoti yanauma. Dada na mama zangu wanaovaa sketi au kitenge: chukueni fremu ya kike, yenye kava kamili la mnyororo. Kitenge kikiingia kwenye meno ya gia, kinachanika, na wewe unaanguka.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku 5 imeshatimia, na safari ya kazini inahesabika. Kipimo changu ni pumzi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni huo. Mimi napenda alfajiri kabla daladala hazijajaa, hewa ya ziwa ikiwa bado imetulia. Jioni karibu na maji vaa miwani, maana wadudu wa ziwani wakitoka kwa makundi huingia machoni na unaweza kuyumba barabarani. Taa ya mbele na ya nyuma hazina mjadala.

Kwa ya mtumba, inua gurudumu ulizungushe huku ukitazama nafasi kati ya rimu na fremu. Likicheza kushoto na kulia, spoki zina shida. Kisha mwombe fundi afungue habu ya nyuma mbele yako kabla hujalipa. Grisi iliyokauka au kutu utaiona kwa macho yako, na hapo ndipo bei huanza kuzungumzika.